Santuri Moja, Makoo Mawili

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na vyombo vyake vya kunasa sauti. Kapkatet iko kusini mwa Kericho, kwenye njia ya kwenda Sotik. Ukitoka Njoro unapanda Mau, unaipita Molo, unateremka hadi kwenye majani chai ya Kericho, unaipita Litein, na jua lingali juu umefika. Huko wasichana wa Kikipsigis walimwimbia wimbo mfupi, chepkong, kinubi cha Wakipsigis, ikirindima chini ya sauti zao, kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha: nusu mtu, nusu mnyama mwenye miguu ya swala, fundi wa kucheza ngoma. Wasichana wanamsihi aruke, aruke zaidi, aruke mpaka nguo zimtoke mwilini.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kizungu kutoka Meridian, Mississippi. Wasichana walipokuwa wakimwita acheze, alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu miaka 17 kabla.

Mtu wa Njoro anayetaka kuijua bluzi, akiniuliza aanzie wapi, mimi humwambia aanzie hapo, kwa wasichana wa Kapkatet. Orodha za santuri kuu za bluzi zipo nyingi, na nyingine ni za watu wanaojua wanachokisema. Kwa kawaida zinaanza na Mamie Smith na “Crazy Blues” aliyoirekodi New York Agosti 1920, zinapita kwa Bessie Smith, zinateremka Mississippi kwa Charley Patton na Robert Johnson, kisha zinapanda treni hadi Chicago kwa Muddy Waters. Njia hiyo ni halali, nami nitapita humo pia. Lakini msikilizaji wa huku Bonde la Ufa anayeingia kwa mlango huo anaingia kama mgeni aliyekaribishwa kutazama nyumba ya watu. Mlango wa Kapkatet unamwonyesha kwamba muziki huu uliwahi kupita nje ya nyumba yake, na kwamba kuna waliousikia, wakausimamisha, wakaugeuza kuwa wao.

Wapo wanaopenda kukata njia na kusema bluzi ni mtoto wa Afrika, kwa hiyo chepkong, nyatiti na litungu ni mama zake. Sikubaliani nao. Watu waliopelekwa utumwani kusini mwa Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, na banjo ina jamaa zake Senegali na Gambia, si kwenye miinuko ya Mau. Tukijitafutia undugu wa damu ambao haupo, tunaupita kijuujuu undugu uliopo. Uliopo ni huu: reli, shamba la mzungu, na gramafoni.

Reli kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1901 njia ya reli iliyokatiza hapa Njoro ilifika ziwani, Kisumu. Miaka miwili baadaye, kwa hesabu yake mwenyewe, mwanamuziki W. C. Handy alikuwa akingoja treni usiku katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, akasikia mtu mweusi aliyevaa matambara akiimba habari za njia za reli zinakokutana, huku akiburuta kisu juu ya nyuzi za gitaa. Handy aliandika kisa hicho katika kitabu cha maisha yake mwaka 1941, na tangu hapo kimekuwa kama hati ya kuzaliwa ya bluzi. Miaka hiyohiyo Lord Delamere alikuwa akijipimia ardhi yake Njoro. Huku na kule, reli ilileta mwenye shamba kubwa, na shamba kubwa likaita mikono ya kulilima.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897, mtoto wa msimamizi wa mafundi wa reli. Utotoni aliwabebea maji wafanyakazi weusi waliokuwa wakinyoosha vyuma kwa nyimbo, na ukubwani akawa mfunga breki wa treni hadi mapafu yalipomzuia. Kwa wale wafanyakazi ndiko alikopata bluzi. Tarehe 30 Novemba 1927, mjini Camden, New Jersey, alirekodi “Blue Yodel No. 1”. Isikilize kwanza kabla ya nyingine zote, kwa sababu umbo la bluzi liko wazi humo: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha mstari wa tatu unaujibu, gitaa linazunguka kordi tatu, hatua 12, na kurudi nyumbani. Mwisho wa ubeti sauti yake inavunjika na kuruka juu, bila maneno, inapanda na kushuka kama kwamba koo lina ghorofa mbili. Mruko huo ndio uliovuka bahari. Ambaye hakujua neno la Kiingereza aliudaka.

Gramafoni ya siku zile ilipindwa kwa mkono. Haikuhitaji umeme, kwa hiyo iliweza kuimba katika baraza la nyumba ya mkulima wa Kizungu, katika misheni, popote penye meza. Aliyefagia baraza alisikia. Aliyepita na ndoo alisikia. Na hapa kuna jambo ambalo huwa linanikaa moyoni kila nikilifikiria. Santuri za waimbaji weusi ziliorodheshwa kando na kampuni za Marekani na kutangazwa kwa wateja weusi wa nchi ile. Walowezi wa Kenya walikuja na santuri zao wenyewe, na ndani yake alikuwamo Rodgers. Kwa hiyo wimbo wa wafanyakazi weusi wa reli ya Mississippi uliwafikia Waafrika wa Bonde la Ufa kwa mdomo wa mzungu, ukitoka ndani ya nyumba ya mzungu. Na wasichana wa Kapkatet walifanya nini? Walimvua uzungu kabisa. Walimpa jina la kwao, miguu ya swala, na ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis anaijua.

Sasa weka upande wa pili msikilizaji mwingine wa Rodgers. Chester Burnett alizaliwa mwaka 1910 karibu na West Point, Mississippi, katika nchi aliyotoka Rodgers mwenyewe. Alikuwa pandikizi la mtu, mkulima wa pamba. Alizipenda santuri za Rodgers na akajaribu kuruka sauti kama yeye. Alisimulia mara nyingi kwamba alishindwa. Koo lake lilikuwa zito mno, na kilichotoka kilikuwa mlio wa mbwamwitu. Akakaa na mlio huo, na dunia ikamjua kwa jina la Howlin' Wolf.

Santuri yake ya kuanza nayo ni “Smokestack Lightning”, iliyotoka mwaka 1956 kwa kampuni ya Chess ya Chicago. Ina kordi moja tu. Haizunguki kama bluzi ya Rodgers. Inasimama palepale, gitaa la Hubert Sumlin likirudia kijipande kilekile, na juu yake mtu analia kama treni usiku, cheche zikiruka kwenye bomba la moshi. Mwisho wa kila ubeti, pale ambapo Rodgers angeruka juu kwa wepesi, Wolf anapaa na kubaki huko, sauti ikiparuza. Ni palepale. Ukizisikiliza hizi mbili kwa kufuatana utapasikia mahali penyewe, pengo lilelile mwishoni mwa mstari, limejazwa na mtu mwingine kwa kitu kingine.

Kisha rudi kwa wasichana. Hawaruki kama Rodgers, wala hawalii kama Wolf. Mmoja anatangulia, wenzake wanaingia, na chepkong inarudiarudia mshindo wake mfupi bila kwenda popote, kordi moja, kama Wolf alivyokuja kufanya miaka sita baadaye. Hawakujuana. Santuri ilikuwa moja, na hakuna kati yao aliyeiiga ikaigika. Hicho ndicho ninachokiita bluzi ya lazima kusikilizwa: ile iliyomfanya msikilizaji wake atoe sauti ambayo hakujua anayo. Ukubwa wa santuri siupimi kwa nakala zilizouzwa, wala kwa majina ya Waingereza waliokuja kuipiga tena baadaye kwa magitaa ya umeme.

Nimetaja shamba. Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu santuri ninayoipenda kuliko zote ilirekodiwa shambani, na mtu wa Njoro ana sababu ya kuielewa upesi. Agosti 1941 Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani, pamoja na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, walifika shamba la Stovall karibu na Clarksdale. Walimkuta dereva wa trekta mwenye miaka ya ishirini na kitu, McKinley Morganfield, aliyekuwa akiitwa Muddy Waters. Walimrekodi kibandani kwake akiimba “Country Blues” na “I Be's Troubled”, wakamrudishia sauti yake aisikie. Alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua anaweza. Maktaba ilimtumia nakala mbili na dola 20. Miaka miwili haikupita kabla hajapanda treni kwenda Chicago, na huko akaichomeka bluzi kwenye umeme.

Sisemi skwota wa Njoro na mkulima wa nusu-kwa-nusu wa Mississippi waliishi maisha yaleyale. Sheria ya mwaka 1918 ilimfunga skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande. Kule Mississippi mtu aligawana mavuno na mwenye ardhi, na deni la duka la shamba likala sehemu yake. Lakini sikiliza “I Be's Troubled” ukijua hayo. Ni wimbo wa mtu anayetaka kuondoka, na gitaa lenyewe linasikika likiwa limekwishaanza safari. Babu zetu waliolima ngano na pareto wakati Lord Egerton akijijengea kasri lake la mawe, kazi iliyoanza mwaka 1938 na kumalizika 1954, wangeujua wimbo huo bila mkalimani. Ninapoupiga mbele ya wazee, huwa wanauliza huyu kijana alikuwa anatoka wapi. Hawaulizi anasema nini.

Lugha basi isikutishe, na kuna santuri moja inayoiondoa kabisa. Siku tatu baada ya Rodgers kurekodi kule Camden, tarehe 3 Desemba 1927, kipofu mmoja mhubiri wa barabarani aliyeitwa Blind Willie Johnson aliketi mbele ya kinasa sauti mjini Dallas. Alirekodi “Dark Was the Night, Cold Was the Ground”, ambayo haina neno hata moja. Anaguna, anaugua, na gitaa linaloburutwa kwa chuma linamalizia pale pumzi inapokoma. Wenye kupanga vitu kwa makundi watasema huo ni wimbo wa dini, si bluzi. Nawaachia makundi yao. Mwaka 1977 sauti hiyo iliwekwa kwenye santuri ya dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager, vilivyokwishatoka nje ya mipaka ya sayari zetu. Kwenye santuri hiyohiyo wamo pia wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo ya mashariki, wakiimba wimbo wao wa unyago. Nani angefikiri kwamba kipofu wa Texas na wasichana wa Ituri wangesafiri pamoja?

Bessie Smith anahitaji maneno yake, lakini anayatamka kwa uzito ambao hata mtu wa Kiingereza cha darasa la nne atayafuata. Anza na “St. Louis Blues” ya Januari 1925: yeye, kinanda cha upepo, na tarumbeta ya Louis Armstrong inayomjibu kila anapopumua. Kampuni ya Columbia ilianza kwa kumlipa dola 125 kwa kila upande wa santuri uliofaa, bila sehemu yoyote ya mauzo, na mauzo yake yalikuwa ya ajabu. Armstrong huyohuyo, miaka mitano baadaye, alimpigia Rodgers tarumbeta katika “Blue Yodel No. 9”, mkewe Lil akipiga piano, na majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Isikilize ukiwa umekwisha kumsikia Bessie. Utamsikia Armstrong akimsubiri mzungu amalize mstari wake, akimpa nafasi, akimwongoza taratibu.

Robert Johnson sitamkalia sana. Nyimbo zake 29, zilizorekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, zimeandikiwa vya kutosha, na hadithi ya kumuuzia shetani roho yake njia panda imewafanya watu wasisikie vidole vyake. Waliosafiri naye walisema alikuwa akiimba hata nyimbo za Rodgers akiombwa. Sikiliza “Come On in My Kitchen”, uache shetani apumzike.

Onyo moja kwa mgeni. Santuri hizi ni za kale, na nyingine zilinusurika nakala moja mbili tu. Juu ya muziki kuna mchakacho kama mvua inayopiga bati. Usiuzime. Baada ya nyimbo tatu nne sikio linaacha kuusikia, na nyuma yake anatokea mtu aliyeketi chumbani, karibu kabisa. Na kila wimbo una dakika tatu hivi kwa sababu upande wa santuri haukubeba zaidi, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kuchagua beti. Katika nyimbo nyingi utasikia kasi ikiongezeka mwishoni: ameonyeshwa kwamba muda unakwisha.

Kuna mwingine ambaye sitaki kumwacha. Mississippi John Hurt, mfanyakazi wa shamba wa Avalon, alirekodi mwaka 1928 huko Memphis na New York, akarudi shambani, akasahauliwa miaka 35. Katika wimbo mmoja alikuwa ametaja kijiji chake. Mwaka 1963 kijana mpenzi wa santuri, Tom Hoskins, alilifuata jina hilo kwenye ramani, akafika Avalon, akamkuta mzee yuko hai na vidole vingali vyake. Dole gumba linashika besi, huku na huku, bila kuchoka; vidole viwili vinaimba juu. Mtu aliyekulia Kenya akisikia “Avalon Blues” atageuka kutazama ni nani anayepiga, kwa sababu vidole hivyo tunavijua. Ni jamaa wa vidole vya Jean Bosco Mwenda, ambaye Tracey huyohuyo alimrekodi Katanga mwaka 1952, na wa George Mukabi wa Kisa, mwenye mtindo wa omutibo, gitaa moja na chupa ya soda ikikwaruzwa kando. Hapana, Mukabi si bluzi. Lakini anayempenda mmoja atampenda mwingine, na mafundi wengi wa gitaa wa magharibi mwa Kenya walianza na dole gumba hilohilo.

Sauti za Kapkatet nazo zilirudi. Zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, pamoja na mradi wa Singing Wells wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music, walizileta nyumbani nakala zake. Walikuta wazee waliorekodiwa ujanani wakiwa bado hai, wakawapa sauti zao mikononi. Hurt alipata miaka mitatu ya kupanda majukwaani kabla ya kufa mwaka 1966. Wazee wa Kapkatet walipata nakala. Si sawa, na sidhani ni haki. Walioimba wangestahili kulipwa tangu zamani zile ambapo wimbo wao ulianza kuuzwa kwa wageni.

Ukiisha kusikiliza hizi, usirudi Marekani haraka. Teremka Kericho. Pale mjini kampuni ya Chandarana ilirekodi na kuchapisha kwa miaka mingi santuri ndogo za Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na wengine, magitaa ya umeme yakisukumana na lugha za nyumbani. Mtafute Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilonget. Mpige mara tu baada ya “Smokestack Lightning”, sauti ikiwa juu. Santuri hizo zingali ndani ya masanduku katika nyumba za Njoro, Elburgon, Molo na Londiani, zimelaliana bila karatasi, unyevu wa Mau ukizila. Mwenye nazo azitoe, azifute kwa kitambaa kikavu, azisimamishe wima, na ampe mtu mwenye mashine azinakili mwaka huu.